Rangi ya chumba cha kufulia

Rangi ya chumba cha kufulia ni rangi inayopakwa kwenye kuta, dari na milango ya chumba ambamo nguo hufuliwa, huanikwa au hupigwa pasi. Chumba hicho kwa kawaida ni kidogo, kina unyevu, na kuta zake hurukiwa na maji ya sabuni karibu kila siku. Kwa sababu hiyo rangi inayodumu miaka mingi sebuleni inaweza kubanduka humo baada ya masika moja au mbili.

Watu wengi wanaojenga au kukarabati nyumba hupenda kukipa chumba hicho rangi kali, yaani rangi iliyokolea kama nyekundu, manjano, buluu nzito au kijani cha mgomba, badala ya nyeupe au samli iliyozoeleka. Uchaguzi huo huonekana kuwa jambo la mapambo tu. Hata hivyo unagusa afya pia, kwa kuwa baadhi ya rangi kali za mafuta, hasa za manjano, chungwa na nyekundu, zimetengenezwa kwa muda mrefu kwa kutumia risasi, metali inayodhuru ubongo wa mtoto. Makala hii inatazama zaidi nyumba za eneo la Mlima Meru nchini Tanzania, kama zile za kata ya Kikwe katika Wilaya ya Meru, Mkoa wa Arusha.

Mahali pa kufulia

Katika sehemu kubwa ya Tanzania kufua ni kazi ya uani. Mahitaji yake ni bomba au ndoo za maji, beseni mbili au tatu, karo la saruji kwa wenye nalo, na kamba iliyofungwa kati ya miti au nguzo. Katika miteremko ya Meru watu wamefua pia kando ya mito na mifereji ya kumwagilia migomba na kahawa. Mjini kazi hiyo hufanywa pia na dobi, neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kihindi, na jijini Nairobi wanawake wanaofua nyumba kwa nyumba kwa malipo huitwa mama fua.

Chumba cha kufulia kama sehemu ya ramani ya nyumba kimekuja pamoja na mabomba ya ndani na mashine ya kufulia. Katika nyumba nyingi za vijijini hakikujengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo: ni stoo iliyogeuzwa, kibaraza cha nyuma kilichozungushiwa ukuta, au bafu ambalo limeongezewa karo. Asili hiyo ina maana kwa mpaka rangi, kwa sababu stoo huwa na dirisha dogo au haina kabisa, na ukuta wa kibaraza mara nyingi umesimama juu ya sakafu ya zamani bila karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu wa ardhini.

Hali ya hewa nayo huamua chumba kitumike kiasi gani. Kikwe iko upande wa kusini wa Mlima Meru (mita 4,566), kwenye ardhi ya chini inayopata vumbi jingi wakati wa kiangazi. Mvua za masika hunyesha kati ya Machi na Mei na za vuli karibu na Novemba na Desemba, na kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi huwa na baridi na mawingu. Katika miezi ya mvua nguo huanikwa ndani, na maji yote yanayotoka kwenye nguo hizo huingia hewani mwa chumba. Nguo zilizokamuliwa kwa mkono hubaki na maji mengi kuliko zilizozungushwa na mashine. Beseni moja tu la nguo linaweza kuachia lita kadhaa kabla ya kukauka. Pasipo dirisha, maji hayo hutua ukutani.

Majina ya rangi

Kiswahili kimezoea kuchukua majina ya rangi kutoka kwa vitu. Kijani ni ya jani, kijivu ni ya majivu, kahawia ni ya kahawa, chungwa na zambarau ni za matunda yake, na nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi huitwa damu ya mzee. Mafundi rangi huendeleza desturi hiyo dukani, wakitaja samli, ugoro au maziwa. Majina haya yanatosha kwa mazungumzo, lakini hayatoshi kwa kununua galoni ya pili: samli ya kiwanda kimoja si samli ya kingine, na hata rangi iliyochanganywa kwa mashine ya dukani inaweza kutofautiana kidogo siku mbili. Kwa rangi kali tofauti hiyo huonekana wazi zaidi ukutani. Ni afadhali kununua rangi yote kwa mara moja na kuandika namba yake nyuma ya mlango.

Rangi kali si jambo geni machoni pa mtu anayepita barabara za Arusha na Meru. Kuta za maduka hupakwa rangi za makampuni, kuanzia msingi hadi paa, kuwa tangazo. Wachoraji wa Tingatinga, mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968, walijipatia jina kwa rangi za mafuta zinazong'aa, za aina ileile iliyotumika kupaka baiskeli. Nyumbani, hata hivyo, rangi kali hukaa zaidi milangoni, kwenye fremu za madirisha na katika mstari wa chini ya ukuta unaoficha matope. Kuzipandisha hadi darini katika chumba cha kazi ndilo jambo jipya.

Kwa nini rangi hubanduka

Rangi ya ukuta ina sehemu tatu kuu: chembe zinazotia rangi, gundi inayozishika chembe hizo ukutani, na kimiminiko kinachokauka na kuondoka. Katika rangi ya maji kimiminiko ni maji na gundi huwa akriliki au plastiki nyingine inayofanana nayo. Katika rangi ya mafuta kimiminiko ni thina au tapentaini, na gundi imetokana kwa sehemu na mafuta ya mimea yaliyopikwa kiwandani.

Tofauti hiyo ndiyo inayoleta hasara ya kwanza katika chumba cha kufulia. Watu wengi huchagua rangi ya mafuta kwa kuamini kwamba inazuia maji, nao hawajakosea. Lakini lipu mpya ya saruji ina alkali kali sana, na mafuta yakikutana na alkali penye unyevu hugeuka kuwa sabuni. Huo ni mmenyuko uleule unaotumika kutengeneza sabuni ya kipande kwa mafuta na magadi makali. Rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya lipu mbichi huanza kunata, kisha hulainika na kutoka kama ngozi. Kwa maneno mengine, ukuta wa chumba cha kufulia unaweza wenyewe kugeuka sabuni. Dawa yake ni subira: lipu iachwe ikauke walau siku 28, na zaidi ya hapo wakati wa masika, halafu ipakwe praima inayostahimili alkali. Rangi ya akriliki haina tatizo hili kwa kiasi hicho, nayo huruhusu mvuke kidogo kupita.

Hasara ya pili ni kile mafundi wanachokiita ukuta kutoa chumvi. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia msingi, au huingia kwa ufa nyuma ya karo, yakiyeyusha chumvi zilizomo katika tofali na lipu. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka na kuacha unga mweupe, ambao hukua chini ya rangi na kuisukuma nje. Eneo la Meru lina sababu ya ziada ya kuwa makini. Mlima huo ni volkeno iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910, na maji mengi ya chini ya ardhi yanayouzunguka yana sodiamu, bikaboneti na floridi kwa wingi. Floridi hiyo ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia kwa watu waliokua wakinywa maji hayo, na ndiyo iliyofanya kituo cha utafiti wa kupunguza floridi kijengwe Ngurdoto. Kwa ukuta si floridi inayosumbua bali wingi wa chumvi kwa jumla: maji ya kisima yenye chumvi nyingi yakitumika kukorogea lipu, chumvi hizo hubaki ndani ya ukuta na kungoja unyevu.

Kupaka rangi juu ya chumvi bila kuziba chanzo cha maji ni kupoteza fedha. Rangi kali huonyesha kosa hilo mapema kuliko nyeupe, kwa kuwa unga mweupe juu ya buluu nzito huonekana kutoka mlangoni.

Adui wa tatu ni kuvu, madoa meusi yanayoanza pembeni mwa dari na nyuma ya nguo zilizoning'inia. Kuvu huhitaji unyevu wa siku kadhaa na chakula kidogo tu, kama vumbi au mabaki ya sabuni. Rangi zenye dawa ya kuzuia kuvu husaidia kwa muda, lakini dirisha husaidia zaidi. Matofali ya matundu yaliyowekwa juu ya ukuta, ambayo nyumba za zamani zilikuwa nayo na nyumba mpya zinayaziba kwa ajili ya urembo, yanafanya kazi hiyo bila gharama yoyote ya umeme.

Matundu hayo yana faida nyingine ambayo haihusu rangi. Pasi ya mkaa bado inatumika katika nyumba nyingi, na mkaa unaowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni isiyo na harufu. Chumba kidogo kilichofungwa ili vumbi lisiingie kinaweza kumwua mtu anayepiga pasi ndani yake.

Chokaa na bluu

Kabla ya rangi za makopo, ukuta uling'arishwa kwa chokaa. Katika pwani ya Waswahili chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe na mawe ya chokaa, kisha kuyazimua kwa maji. Chokaa iliyozimuliwa ina alkali kali inayoua kuvu na wadudu wengi, na inapokauka hufyonza kabonidayoksaidi ya hewani na kugeuka kuwa jiwe jembamba lililoshikana na ukuta. Mvuke hupita ndani yake bila kuibandua. Kwa ukuta wenye unyevu usiotibika ni mpako unaostahili kufikiriwa upya kuliko unavyopewa heshima leo.

Ubaya wake ni kwamba huacha unga. Nguo nyeusi iliyoegemea ukuta wa chokaa huondoka na alama, na hiyo si sifa ya chumba cha kufulia. Kwa hiyo hufaa kwenye dari na sehemu ya juu ya kuta, huku sehemu ya chini, hadi kimo cha bega, ikipewa rangi inayooshwa. Chokaa ambayo haijazimuliwa huchemka inapokutana na maji na inaweza kupofusha. Hata iliyozimuliwa huunguza macho, kwa hiyo kazi ya kupaka dari hufanywa kwa miwani.

Chokaa haipokei kila rangi, na hapa ndipo chumba cha kufulia kina siri yake ya zamani. Bluu ya nguo, ile inayotiwa katika maji ya mwisho ili nguo nyeupe zisionekane za manjano, kwa asili ni unga wa buluu uitwao ultramarini. Zamani unga huo ulitengenezwa kwa kusaga jiwe la thamani kutoka Afghanistan. Mfaransa Jean-Baptiste Guimet alipata njia ya kuutengeneza kiwandani katika miaka ya 1820, nao ukawa wa bei nafuu kiasi cha kuuzwa vijijini duniani kote. Ultramarini haiharibiwi na alkali, ingawa asidi huififisha. Kwa sababu hiyo watu wa nchi nyingi wametia bluu ya nguo katika ndoo ya chokaa: kidogo ili nyeupe iwe safi zaidi, au nyingi ili kupata ukuta wa buluu. Buluu ya Prussia, ambayo kwa macho hukaribiana nayo, hugeuka kahawia ndani ya chokaa. Bluu nyingine zinazouzwa siku hizi kama kimiminiko zimetengenezwa kwa rangi tofauti, hivyo ni vizuri kujaribu kwanza kwenye kipande kidogo cha ukuta.

Chembe nyingine isiyoogopa alkali ni oksidi ya chuma, inayotoa nyekundu, kahawia na manjano ya udongo. Ngeu ya seremala na udongo mwekundu ambao Wamaasai hujipaka hutokana na chembe hiyo, na sakafu nyekundu za saruji zilizozoeleka katika nyumba za Tanzania hupata rangi yake humohumo. Haifiki ung'avu wa manjano ya alizeti, lakini ni rahisi, haififii kwa jua, na haina sumu ya risasi.

Risasi katika rangi kali

Risasi ni metali nzito ambayo misombo yake imetumika katika rangi tangu zamani. Kaboneti ya risasi ilitoa nyeupe. Kromati ya risasi, iliyoanza kutengenezwa baada ya Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin kugundua kromi mwaka 1797, ilitoa manjano kali, na kwa kuchanganywa ikatoa chungwa, nyekundu na kijani. Misombo mingine ya risasi ilitiwa katika rangi ya mafuta ili ikauke haraka. Nyeupe ya risasi iliachwa hatua kwa hatua baada ya dioksidi ya titani kuanza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20. Manjano ilichelewa, kwa kuwa kromati ya risasi ni rahisi, hufunika vizuri na hung'aa. Ndiyo maana katika vipimo vya rangi zinazouzwa madukani katika nchi nyingi, kopo la manjano au la nyekundu huonyesha risasi nyingi kuliko la nyeupe la kiwanda kilekile.

Madhara yake yamejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1904 daktari J. Lockhart Gibson wa Brisbane, Australia, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakiugua kwa risasi waliipata kutoka kwa rangi ya veranda na kuta za nyumba zao. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia nyeupe ya risasi katika upakaji wa ndani ya majengo. Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye risasi mwaka 1978 tu. Kati ya Gibson na sheria hiyo vimepita vizazi vitatu.

Mtoto hudhurika zaidi kuliko mtu mzima kwa sababu mwili wake hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi anayoimeza, na ubongo wake bado unakua. Risasi hupunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na huleta upungufu wa damu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba karibu mtoto mmoja kati ya watatu duniani ana risasi katika damu kwa kiwango cha kutia wasiwasi, kutoka vyanzo mbalimbali vikiwemo betri, vyungu vilivyong'arishwa na rangi. Katika Afrika Mashariki mfano unaojulikana zaidi si wa rangi bali wa betri: kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilichokuwa kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ambacho risasi yake iliingia katika miili ya wakazi. Mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliwapa wakazi hao fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo iliendelea katika rufaa kwa miaka kadhaa.

Nchini Tanzania shirika lisilo la kiserikali la AGENDA, lenye makao Dar es Salaam, limeshiriki katika kununua makopo ya rangi za mafuta madukani na kuyapeleka maabara, na makopo kadhaa yalikutwa na risasi nyingi. Kikomo kinachopendekezwa na Muungano wa kimataifa wa kukomesha rangi yenye risasi, unaoongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira pamoja na Shirika la Afya Duniani, ni sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi iliyokauka. Kikomo hichohicho kimeingia katika viwango vya rangi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usimamizi wake Tanzania uko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo alama ya TBS na maneno yanayosema rangi haina risasi ni vitu vya kutafutwa kwenye kopo. Kopo lililofunguliwa na kupimwa upya kwenye chupa ya maji halina alama yoyote, hata kama bei yake inavutia.

Rangi za maji kwa kawaida hazina tatizo hili kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo mtu anayetaka ukuta wa manjano kali anaweza kuupata kwa akriliki, iliyotiwa chembe za kisasa zisizo na risasi. Bei yake huwa juu kidogo, na rangi hizo za manjano na nyekundu hufunika ukuta polepole, mara nyingi kwa mikono mitatu badala ya miwili. Kutanguliza mkono mmoja wa kijivu chepesi au wa rangi ya udongo hupunguza matumizi hayo.

Ukuta wa zamani ni suala jingine, kwa kuwa kopo lake halipo tena. Rangi ya mafuta ya manjano, chungwa, nyekundu au kijani iliyopakwa miaka mingi iliyopita ichukuliwe kuwa ina risasi hadi ithibitike vinginevyo. Ikiwa imeshika vizuri, ni salama zaidi kuioshea mahali pake na kupaka juu yake. Ikiwa inabanduka, isisuguliwe kwa msasa mkavu wala kuunguzwa kwa moto: ilowanishwe, ikwanguliwe ikiwa mbichi, na maganda yakusanywe juu ya turubai. Watoto na wajawazito wakae mbali hadi sakafu ipigwe deki mara mbili. Nguo za fundi aliyefanya kazi hiyo zifuliwe peke yake, na maji yake yasimwagwe karibu na kuku wala bustani ya mboga. Hilo linawahusu pia mafundi wa betri na wa magari: vumbi la risasi hurudi nyumbani katika ovaroli, na mahali linapoishia ni beseni la kufulia, ambalo jioni hiyohiyo linaweza kutumika kumwogeshea mtoto.

Kukifanya upya chumba cha zamani

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko rangi iliyochaguliwa. Kwanza huzibwa maji: bomba linalovuja, ufa kati ya karo na ukuta, mfereji wa paa unaomwaga msingini. Ukuta huachwa ukauke, jambo ambalo kati ya Januari na mwanzoni mwa Machi, au katika kiangazi cha Septemba na Oktoba, huchukua muda mfupi zaidi kuliko miezi mingine. Chumvi hupigwa brashi ikiwa kavu, kwa kuwa ukiiosha unairudisha ndani. Kuvu husuguliwa kwa dawa ya klorini iliyopunguzwa kwa maji, dirisha likiwa wazi, na dawa hiyo haichanganywi kamwe na siki wala dawa nyingine ya choo, maana gesi inayotokea huumiza mapafu. Swichi kuu ya umeme huzimwa kabla ya kuosha ukuta wenye soketi.

Baada ya hapo nyufa huzibwa, ukuta hulainishwa, hufutwa vumbi na kupigwa praima. Katika Kikwe na maeneo ya jirani vumbi la kiangazi hutua juu ya rangi mbichi ndani ya saa chache. Kupaka asubuhi mapema kabla ya upepo, baada ya kumwagia maji uwanja wa mbele ya mlango, huokoa kazi nyingi.

Kuhusu mahali pa kuweka rangi kali, kuna jambo moja ambalo vitabu vya mapambo hulisahau: chumba hiki ni cha kutazama madoa. Ukuta mwekundu ulio mkabala na dirisha hurudisha mwanga mwekundu juu ya nguo nyeupe, na doa la chai au la tope huonekana kwa shida. Rangi nzito pia hula mwanga; ukuta mweupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, ilhali wa buluu nzito hurudisha sehemu ndogo tu. Kwa hiyo inafaa rangi kali ikae kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe, mlangoni, au chini ya kimo cha karo, na ukuta unaopokea mwanga ubaki mweupe au wa samli. Nyuma ya karo, vigae au mpako wa saruji laini hushinda rangi yoyote.

Kiasi cha rangi hukadiriwa hivi. Chumba cha mita 2 kwa mita 1.5 chenye kimo cha mita 2.7 kina kuta za mita za mraba 18.9. Ukiondoa mlango na dirisha dogo hubaki karibu 16.5. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 za lipu laini kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili huhitaji lita 3.3, yaani galoni moja ya lita 4. Kwa manjano au nyekundu inayohitaji mkono wa tatu galoni hiyo haitoshi, na lita moja huongezwa. Lipu ya kukwaruza hula zaidi.

Rangi iliyobaki hufunikwa na kuwekwa mahali penye kivuli kwa ajili ya viraka. Brashi na rola za rangi ya maji hufutwa kwanza kwenye gazeti na kusuuzwa ndani ya ndoo, na maji hayo humwagwa shimoni mbali na kisima. Yakimwagwa katika mfereji wa kumwagilia hufika shambani mwa jirani wa chini.